Nimeitumia ramani ya Global Fishing Watch: tathmini ya mtu wa zamu ya usiku

Kwa wanaotaka jibu la haraka: ifungueni, itumieni. Ni ramani ya bure kwenye intaneti, haihitaji kupakuliwa, na inaonyesha shughuli za meli kubwa za uvuvi duniani kote kuanzia mwaka 2012 hadi siku chache zilizopita. Sijui chombo kingine ambacho mwanafunzi, mwandishi wa habari au mvuvi anaweza kukifungua leo akaona bahari kuu inavyovuliwa na nani. Ila kabla hujaanza kusambaza picha zake, elewa kwanza ramani inaona nini na haioni nini. Nimeshuhudia watu wakionyesha eneo jeusi lisilo na nukta hata moja na kutangaza kwamba pale samaki wamepumzika. Ramani haikusema hivyo. Ilisema tu kwamba haikusikia mtu, na tofauti kati ya hayo mawili ndiyo itakayonichukua muda hapa.

Mimi si mwanasayansi. Nimefanya kazi kwenye meli za mizigo, miaka mingi nikiwa afisa wa zamu ya saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri. Zamu ile ni ya kutazama tu. Unatazama rada, unatoka nje na darubini, unarudi ndani, unatazama skrini ya AIS, unaandika kitabuni. Na AIS ndiyo iliyozaa ramani hii, kwa hiyo nitaieleza kidogo kwa wasiowahi kuiona.

AIS ni mtambo wa kujitambulisha. Kanuni za kimataifa zinataka kila meli ya tani 300 za ujazo na zaidi inayosafiri nje ya nchi yake iwe nao. Ukiwa umewashwa, unatangaza kwa redio ya VHF namba ya meli yenye tarakimu 9, jina, mahali ilipo, mwendo wake na inakoelekea. Meli ikiwa safarini inatangaza kila baada ya sekunde chache. Ikiwa imetia nanga, kila dakika 3. Lengo lilikuwa moja: meli zisigongane gizani au kwenye ukungu. Hakuna aliyekuwa akifikiria papa wala jodari. Baadaye setilaiti zikaanza kunasa matangazo hayo kutoka juu, hata ya meli zilizo katikati ya bahari mahali ambapo hakuna mnara wa kuzisikia, na ghafla ukapatikana mrundo wa mabilioni ya nukta unaoeleza meli gani ilikuwa wapi saa ngapi. Mashirika ya mazingira ya Oceana na SkyTruth, pamoja na kampuni ya Google, wakaungana kuugeuza mrundo huo kuwa ramani ya uvuvi. Ikafunguliwa kwa umma Septemba 2016, na mwaka uliofuata ikawa shirika linalojitegemea lisilotafuta faida.

Kinachonivutia zaidi ni namna inavyotambua kwamba meli inavua. Kila aina ya uvuvi ina mwendo wake, na aliyekaa zamu karibu na meli za uvuvi anaujua bila kufundishwa. Meli ya kukokota nyavu inakwenda polepole, mwendo ule ule kwa saa nyingi, inageuka, inarudi ilikotoka. Meli ya kuzungushia nyavu inasafiri kasi, inasimama, inachora duara, inatulia wakati wavu unakazwa. Meli ya dhulumati, ile ya mshipi mrefu wenye maelfu ya ndoano, inatandaza mshipi kwa mwendo mzuri karibu mstari mmoja. Mshipi wenyewe unaweza kufika kilomita 100. Kisha meli inatulia ukiloa, halafu inarudi kuukusanya taratibu ikipindapinda, kwa kuwa mkondo umeshausukuma na meli lazima iufuate. Waliotengeneza ramani wameifundisha kompyuta kusoma michoro hiyo. Chagua meli moja, fuata njia yake, uone mstari ulionyooka wa safari ukigeuka kuwa mikunjo midogo ya kazi. Nilipofanya hivyo niliitambua picha ile ile niliyokuwa nikiiona kwenye rada, ila safari hii niliona msimu mzima badala ya saa nne za zamu yangu.

Wenyewe ni waangalifu katika kueleza. Hawasemi meli imevua. Wanasema mwendo wake unaelekea kuwa wa kuvua. Nawaheshimu kwa hilo, na anayeitumia ramani afuate mfano wao, maana meli inayosubiri injini itengenezwe nayo huenda taratibu na kupindapinda.

Ukitaka kujua data hii imeshatoa nini, anza na utafiti uliochapishwa kwenye jarida la Science mwaka 2018. Waliofuatilia meli zaidi ya 70,000 walikuta kwamba uvuvi wa viwanda unagusa zaidi ya asilimia 55 ya eneo la bahari, eneo ambalo ni zaidi ya mara nne ya ardhi yote inayolimwa na kulishiwa mifugo. Katika bahari kuu, nje ya maji ya nchi yoyote, zaidi ya asilimia 85 ya uvuvi ulioonekana ulikuwa wa meli za China, Hispania, Taiwan, Japani na Korea Kusini. Na kuna jambo jingine kwenye utafiti ule ambalo siachi kulitafakari. Meli zinapumzika sana wakati wa Krismasi na wakati wa mwaka mpya wa Kichina. Sikukuu za wanadamu na marufuku za serikali zinabadilisha uvuvi kuliko majira ya samaki wenyewe. Yaani mapumziko ya samaki yanategemea kalenda yetu. Kwangu hiyo ni habari njema, kwa sababu kama ni sisi tunaoamua lini kuvua, basi ni sisi tunaoweza kuamua lini kuacha.

Sasa nenda kusini mwa Atlantiki, pwani ya Argentina. Washa mpaka wa maji ya nchi ya maili 200 na uangalie miezi ya mwanzo wa mwaka. Utaona ukuta wa nukta umejipanga nje kidogo ya mstari, mamia ya meli za ngisi zikifuata ukingo wa mpaka kana kwamba mpaka umechorwa majini. Ngisi hajui mpaka. Anakulia ndani, anatoka nje, na anayengojea nje anamchukua bila leseni ya mtu yeyote na bila kikomo cha tani. Meli hizi huvua usiku kwa taa kali zinazoning'inizwa pande zote mbili, ngisi wanapanda kufuata mwanga, na mashine zinavuta mishipi juu na chini usiku kucha. Nimewahi kupita karibu na kundi la namna hiyo. Mbingu inaanza kupauka muda mrefu kabla hujaiona meli hata moja, unadhani unakaribia mji, na chati inakuambia hakuna nchi kavu popote. Ukikaribia, macho yanaumia. Baharia wa lindo aliyekuwa nami alishindwa kutofautisha taa za urambazaji za meli moja na nyingine, ikabidi tubadilishe njia tukazunguka mbali.

Ramani ina tabaka la taa za usiku, linalotokana na setilaiti inayoweza kuona mwanga baharini. Liwashe juu ya eneo hilo hilo. Ni tabaka ninalolipenda kwa sababu halimwombi nahodha ruhusa. Anayevua kwa taa hawezi kuizima taa.

Tabaka jingine la kutumia muda mrefu ni la mikutano. Meli mbili zikikaa ndani ya mita 500 kwa saa mbili au zaidi, mwendo ukiwa chini ya noti 2 (maili 2 za bahari kwa saa), mbali na bandari, ramani inaweka alama. Ni jambo kubwa kuliko linavyosikika. Meli ya uvuvi inaweza kukaa baharini mwaka mzima au zaidi bila kufika bandarini, ikikabidhi samaki kwa meli ya majokofu na kupokea mafuta, chakula na mabaharia wapya hapo hapo. Samaki halali na wa haramu wanachanganyika kwenye shehena moja, na wakifika nchi kavu hakuna anayeweza kuwatenganisha. Halafu kuna watu. Mtu aliyenyang'anywa hati yake ya kusafiria hawezi kutoroka kutoka meli isiyofika bandari. Wenzetu wa meli za uvuvi wanateseka kuliko sisi wa mizigo, na popote ninapoona alama hizo za mikutano, nawafikiria wao kabla ya samaki.

Mfano unaojulikana ni wa Agosti 2017. Ekuador iliikamata meli ya majokofu Fu Yuan Yu Leng 999 ndani ya hifadhi ya bahari ya Galápagos, ikiwa na takriban tani 300 za samaki, wakiwemo maelfu ya papa. Njia za AIS zilizochambuliwa baadaye zilionyesha kwamba siku chache kabla, meli hiyo ilikuwa imekutana na meli za dhulumati mbali magharibi, kwenye bahari kuu. Wale papa hawakuanguka kutoka mbinguni. Walikabidhiwa, na makabidhiano yakaacha alama. Hapo ndipo nilipoanza kuichukulia ramani kwa uzito. Swali la papa si dogo hata kidogo: tangu 1970 idadi ya papa na ya samaki bapa waitwao taa wa bahari kuu imeshuka kwa asilimia 71, na sababu kubwa ni uvuvi.

Kiribati nayo inafaa kutazamwa. Mwaka 2015 ulipoanza tu, nchi hiyo ilifunga uvuvi wa kibiashara kwenye hifadhi ya visiwa vya Phoenix, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 400,000. Rudisha ramani nyuma, ulinganishe miezi ya mwisho ya 2014 na ile iliyofuata. Mwanzoni nukta zimejaa, halafu zinahama karibu zote. Meli moja iliyokamatwa katikati ya mwaka ilikubali kulipa dola milioni 2, na data hizi za setilaiti zilikuwa sehemu ya ushahidi. Nchi yenye boti moja ya doria kwa bahari kubwa kiasi kile ilipata macho. Mwaka 2021 serikali yake ikatangaza kwamba itaifungua tena hifadhi kwa uvuvi, kwa kuwa leseni za jodari ndizo zinazojaza hazina ya nchi. Siwalaumu kwa urahisi. Ninalosema ni kwamba uamuzi wa kufunga ulionekana, na wa kufungua utaonekana pia, na hilo peke yake lilikuwa haliwezekani nilipoanza kazi ya bahari.

Sasa nije kwenye upungufu.

Usiku mmoja kwenye zamu nilikuwa nikifuatilia meli ya uvuvi upande wa kulia wa omo, yaani mbele ya meli, maili sita hivi. Kwenye skrini kulikuwa na vitu viwili vilivyolaliana: doa la rada, na pembetatu ndogo ya AIS yenye jina la meli. Pembetatu ikatoweka. Doa likabaki, linakwenda vile vile, mwendo ule ule. Nikatoka na darubini nikaziona taa zake za uvuvi, wazi kabisa. Meli ilikuwa pale, watu wake walikuwa kazini, ila kwa dunia nzima nje ya upeo wa macho yangu ilikuwa imekoma kuwepo. Baharia yeyote wa daraja, chumba cha kuongozea meli, ana kisa cha namna hii. Swichi iko mkononi mwa nahodha.

Utafiti wa 2022 kwenye jarida la Science Advances ulihesabu matukio zaidi ya 55,000 yanayoelekea kuwa ya kuzima mtambo makusudi kati ya 2017 na 2019, yakificha hadi asilimia 6 ya shughuli za meli za uvuvi zenye AIS. Na mahali yalipokithiri si pa bahati nasibu: kando ya maji ya Argentina, magharibi mwa Afrika, kaskazini magharibi mwa Pasifiki. Ramani inaonyesha mapengo haya kama matukio, na naisifu kwa hilo. Lakini msikimbilie kuhukumu. Kanuni zinamruhusu nahodha kuzima AIS akiona inahatarisha usalama wa meli, kwa mfano penye maharamia. Wengine wanazima ili washindani wasijue walikopata samaki. Setilaiti nazo hushindwa kusikia penye msongamano wa meli. Pengo ni sababu ya kuuliza.

Tatizo kubwa zaidi ni la wale wasiowahi kuwa na pembetatu. Januari 2024 jarida la Nature lilichapisha kazi ya watafiti wa shirika hili hili pamoja na wenzao wa vyuo. Walichukua picha za setilaiti za miaka 2017 hadi 2021, za rada na za kawaida, wakahesabu vyombo vilivyoonekana, kisha wakalinganisha na matangazo ya AIS. Kati ya asilimia 72 na 76 ya meli za uvuvi wa viwanda hazikuwa zikionekana kwenye mfumo wa wazi wa ufuatiliaji. Isome tena namba hiyo ukiwa umefungua ramani. Kila nukta inayong'aa ina wenzake wawili au watatu gizani. Sehemu kubwa ya walio gizani walikuwa karibu na Afrika na kusini mwa Asia.

Shirika limefanya jambo ambalo mashirika mengi yasingefanya: limechapisha lenyewe ukubwa wa upofu wa chombo chake, kisha likaweka tabaka la rada kwenye ramani ili tuuone. Liwashe, chuja vile vyombo ambavyo havikulingana na AIS yoyote, na eneo ulilodhani ni tupu linaweza kujaa. Rada ya setilaiti inapenya mawingu na giza. Ila nayo ina mipaka yake. Inapita juu ya pwani zaidi kuliko katikati ya bahari, inapita kwa zamu na si kila saa, na boti zilizo chini ya mita 15 hivi mara nyingi haizioni.

Hapo kwenye boti ndogo pana hatari ya kuielewa ramani kinyume. Wavuvi wadogo ndio karibu asilimia 90 ya watu wanaofanya kazi ya uvuvi duniani, na wanaleta si chini ya theluthi ya samaki wote. Kwenye ramani hii hawapo. Mtu asiyejua anaweza kutazama ghuba yenye mamia ya mitumbwi akasema haina watu, na mpangaji wa bandari au wa visima vya mafuta akaitumia picha hiyo kama ushahidi. Usiruhusu. Ramani hii imetengenezwa kwa ajili ya meli kubwa, na ukitaka kujua nani anategemea ghuba, nenda ukaulize pwani.

Kitu kingine cha kufahamu ni maboya. Wavuvi wengi siku hizi wanafunga vitambulishi vya bei rahisi vya AIS kwenye nyavu na mishipi yao ili wasivipoteze. Kwenye skrini ya daraja vinaonekana kama meli, vingine vikiwa na jina linaloishia na asilimia ya betri iliyobaki. Unaweza kuona "meli" kumi zimepangwa mstari mmoja zikielea na mkondo. Hizo si meli, ni wavu. Waandaaji wanajitahidi kuvichuja, lakini ukiona chombo kinachoelea siku nzima kwa mwendo wa mkondo bila kugeuka, kitilie shaka. Wapo pia wanaotangaza namba ya uongo au mahali pa uongo, meli iko bahari moja na nukta yake iko nyingine.

Pamoja na yote hayo, nguvu halisi ya kazi hii iko kwenye kuunganisha macho tofauti, na mfano wa Korea Kaskazini unatosha kuniridhisha. Watafiti walichanganya AIS, rada, taa za usiku na picha za kawaida za setilaiti. Wakakuta kwamba mwaka 2017 zaidi ya meli 900 zenye asili ya China zilivua katika maji ya Korea Kaskazini, na mwaka 2018 karibu 700, licha ya vikwazo vya Umoja wa Mataifa vilivyopitishwa mwaka 2017 kupiga marufuku uvuvi wa kigeni pale. Walikadiria ngisi waliovuliwa kwa miaka hiyo miwili kuwa zaidi ya tani 160,000, wenye thamani ya zaidi ya dola milioni 440. Wavuvi wa Korea Kaskazini, wakisukumwa mbali na maji yao na meli hizo kubwa, walikwenda na mashua za mbao hadi maji ya Urusi, na nyingine zikawa zinaokotwa pwani za Japani zikiwa na maiti. Hakuna chombo kimoja kati ya hivyo vinne kingeweza kuonyesha jambo lile peke yake.

Upande wa matumizi sina mengi. Kompyuta yenye skrini kubwa ni bora kuliko simu, kwa sababu tabaka zikiwa nyingi vidole vinaziba unachokitazama. Inabidi ujue kidogo Kiingereza au mojawapo ya lugha nyingine chache ilizonazo. Kujiandikisha hakuna malipo, na kunakufungulia kupakua data na kuchora eneo lako mwenyewe upate ripoti ya meli zilizopita humo, saa ngapi za uvuvi, bendera gani. Data zinachelewa siku chache, kwa hiyo si chombo cha kumfukuza mwizi usiku huu. Ni chombo cha kujua amekuwa akija lini, na akitoka anakwenda bandari gani. Kwa maoni yangu hilo la bandari ndilo lenye meno zaidi: tangu Juni 2016 kuna mkataba wa kimataifa unaozitaka nchi zilizouridhia kuzinyima huduma bandarini meli za kigeni zilizovua kinyume cha sheria, na afisa wa bandari mwenye historia ya mwaka mzima ya meli mkononi anaweza kuuliza maswali ambayo zamani hayakuwa na pa kuanzia.

Anayetaka picha kamili ya afya ya bahari ajue pia kwamba hapa anapata tishio moja tu. Maji yanayopata joto hadi matumbawe yanapauka, kaboni inayoongeza asidi majini, plastiki, mbolea zinazotiririka na kuacha sehemu zisizo na hewa: hayo yote hayapo, na hayakukusudiwa kuwepo. Hata ndani ya uvuvi, saa zinazohesabiwa si samaki. Meli moja inaweza kuvua saa chache ikajaza, nyingine ikahangaika wiki nzima. Linganisha unachokiona na takwimu za FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ambayo katika ripoti yake ya 2024 ilisema asilimia 37.7 ya makundi ya samaki yaliyopimwa yanavuliwa kupita uwezo wake wa kujirudisha, kutoka asilimia 10 mwaka 1974. Ramani inakupa mkono unaochukua. Namba za FAO zinakuambia kimebaki nini.

Naipa nyota nne kati ya tano, na ile moja inayokosekana haiko mikononi mwa waandaaji. Iko kwa serikali. Nchi nyingi zina mfumo wao wa kufuatilia meli za uvuvi, ulio tofauti na AIS, ambao mvuvi hawezi kuuzima kirahisi, na data zake zinafungiwa ofisini. Indonesia ilifungua zake kwenye ramani hii mwaka 2017, ya kwanza duniani kufanya hivyo, na Peru ikafuata mwaka 2018. Ukifungua miaka hiyo kwenye maji ya Indonesia utaona maelfu ya vyombo ambavyo AIS haikuwa ikiviona. Kila nchi inaweza kufanya hivyo kesho bila kununua setilaiti yoyote. Inaweza pia kuilazimisha kila meli ya uvuvi inayostahili iwe na namba ya IMO, Shirika la Kimataifa la Bahari, ile isiyobadilika hata meli ikibadilishwa jina, rangi na bendera. Meli za mizigo tulizofanyia kazi zimebandikwa namba hiyo kwa miaka mingi, na hakuna aliyefilisika kwa sababu yake.

Na haraka ipo. Mkataba wa bahari kuu uliopitishwa Juni 2023 umeanza kutumika Januari 17, 2026, na kwa mara ya kwanza kuna njia ya kisheria ya dunia nzima ya kuweka hifadhi nje ya maji ya nchi yoyote, mahali ambapo hakuna boti ya doria ya mtu. Hifadhi hizo zitalindwa kwa data za aina hii au hazitalindwa kabisa. Kama una mwakilishi bungeni, wizara unayoweza kuiandikia barua, au chama cha wavuvi unachokutana nacho, muulize swali moja: data za ufuatiliaji wa meli zetu ziko wapi, na kwa nini hatuzioni?